Nairobi hadi Dar es Salaam kwa ndege: ni kilomita ngapi, na ni dakika ngapi hasa?

MLETA UZI

Ndugu zangu, salaam. Uzi huu umezaliwa na kutoelewana kwa kifamilia. Mama yangu mdogo alikuwa Nairobi akimtazama mjukuu, na siku ya kurejea Dar es Salaam mdogo wangu ndiye aliyepewa kazi ya kumpokea. Akanipigia simu kuniuliza ndege ya kutoka Nairobi huchukua muda gani, nami nikamjibu bila kufikiri, "Saa moja na robo." Akashukuru, akakata simu, akafika uwanja wa ndege saa moja na robo ya jioni, na kumkuta mama mdogo ameketi juu ya sanduku lake tangu saa kumi na moja. Simlaumu sana, kwa sababu Kiswahili chetu hutumia neno lilelile kwa muda unaopita na kwa wakati unaosomwa ukutani. Tangu siku hiyo nimeamua kuitaja safari hii kwa dakika tu, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Ila sasa likaja swali la pili: ni dakika ngapi? Nilipotafuta mtandaoni nilikuta tovuti moja ya kukokotoa umbali ikisema kilomita 665, nyingine 668, ya tatu 670. Kwa upande wa muda, moja iliandika dakika 50 na nyingine 80, ilhali tiketi ya mama mdogo ilionyesha dakika 85. Nimeketi na karatasi na kalamu nikitaka kujua nani mkweli, na nimegundua kwamba karibu wote ni wakweli, isipokuwa kila mmoja anajibu swali lake.

Nianze na umbali, kwa kuwa huo hauna ugomvi mkubwa. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.32 kusini mwa ikweta na nyuzi 36.93 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini na nyuzi 39.20 mashariki. Tofauti ya kwenda kusini ni nyuzi 5.56, na ya kwenda mashariki ni nyuzi 2.27. Katika eneo letu hili, uzi mmoja wa kwenda kusini una kilomita 110.6, na ule wa kwenda mashariki una kilomita 111 hivi. Ukizidisha utapata takriban kilomita 615 za kusini na 252 za mashariki, na ukizichukua hizo kama pande mbili za pembetatu mraba, kama tulivyofundishwa na mwalimu wa hisabati, upande wa tatu unakuwa kilomita 665. Ndugu wa anga wangesema maili za baharini 359, kwa kuwa maili yao moja ni kilomita 1.852.

Basi 668 inatoka wapi? Inatoka kwa wanaoichukulia dunia kuwa duara kamili kama mpira. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta, na kwa sababu hiyo uzi mmoja wa kwenda kusini huku kwetu ni mfupi kuliko kule karibu na ncha za dunia, ambako unafikia kilomita 111.7. Anayetumia wastani mmoja kwa dunia nzima hujiongezea kilomita tatu bila kujua. Na 670? Huyo hakupima kutoka uwanja hadi uwanja, bali kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiona tarakimu hizo tatu usidhani kuna anayedanganya. Kwa msafiri ni kitu kilekile, na tofauti yote hiyo ndege huimaliza kwa muda usiotosha kufunga mkanda wa kiti.

Barabarani mambo ni mengine kabisa. Kutoka Nairobi kupitia Namanga, Arusha, Moshi, Same, Korogwe, Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 900, kwa kuwa barabara hulazimika kuizunguka milima ya Kilimanjaro, Pare na Usambara, kisha huteremka hadi Chalinze kabla ya kugeukia baharini. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimepunguza kusimama mara mbili, lakini hata hivyo basi linahitaji nusu siku na zaidi. Sitaisema sana barabara, kwa sababu wengi humu wanaijua kwa migongo yao.

Kinachonipendeza zaidi ni kuufuata mstari wenyewe wa anga juu ya ramani. Ukiunyoosha kutoka Nairobi, unapita mashariki ya Amboseli, karibu na Loitokitok, unapita jirani na Taveta, unaliacha Ziwa Jipe kidogo upande wa magharibi, unavuka mpaka na kukatiza hifadhi ya Mkomazi, unapanda juu ya Usambara si mbali na Lushoto, unapita juu ya Korogwe, kisha unaufuata ukanda wa pwani ya Saadani na Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, kinabaki kama kilomita 30 magharibi ya mstari huo. Maana yake ni kwamba anayetoka Nairobi na anayetaka kuuona mlima akae dirisha la kulia, na anayetoka Dar es Salaam akae la kushoto, ambalo katika ndege nyingi ni kiti chenye herufi A. Safari za alfajiri ndizo zenye bahati, maana kadiri jua linavyopanda ndivyo mlima unavyojifunika mawingu. Bila shaka waongozaji wa ndege huweza kuupindisha mstari huo kadiri ya msongamano na hali ya hewa, kwa hiyo asije mtu kunidai nauli ya dirisha.

Sasa niingie kwenye muda. Ndege ya jeti kama Boeing 737 au Embraer 190 ikiwa angani juu kabisa huenda karibu kilomita 830 kwa saa. Gawa 665 kwa 830 na utapata dakika 48. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika 50 za tovuti. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani ndege imetokea Nairobi ikiwa tayari juu na kwa mwendo kamili, na inafika Dar es Salaam ikipita kwa mwendo huohuo bila kutua. Abiria wa ndege hiyo hajapata kuzaliwa.

Tufanye hesabu ya kweli. Marubani wana kanuni yao ya zamani ya kushuka: kwa kila futi 1,000 za kimo, unahitaji maili tatu za baharini. Ndege iliyo futi 35,000 inahitaji maili 105, yaani karibu kilomita 195, ili ishuke kwa utulivu hadi Dar es Salaam. Kupanda nako kunakula umbali unaokaribiana na huo. Ondoa vyote viwili katika 665 na utabakiwa na kilomita zisizofika 300 za kwenda sawasawa huko juu, ambazo ni kama dakika 20. Kwa maneno mengine, safari nzima ni kupanda na kushuka, na katikati yake kuna dakika 20 tu ambamo wahudumu wanatakiwa wawape watu zaidi ya 90 kinywaji na kuzikusanya bilauri. Nikiwatazama wakikimbia na kigari kile ndipo ninapouelewa ufupi wa safari hii kuliko tarakimu yoyote.

Ongeza mzunguko wa kuondoka na wa kuja kutua, na muda wa angani unafika saa nzima au kuzidi kidogo. Kisha kuna kutembea ardhini: kutoka kwenye maegesho hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, na baada ya kutua kurudi hadi kwenye jengo. Ratiba ya shirika huhesabu tangu ndege inaposogea kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako, tena huwekewa akiba kidogo ili isionekane imechelewa. Ndiyo maana tiketi za njia hii huandika kati ya dakika 70 na 90. Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu lilikuwa sahihi, na mama mdogo akangoja palepale.

Wenye ujuzi zaidi naomba mniongezee au mnisahihishe.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Mwenzangu, hesabu yako imenifurahisha, ila kuna jambo umelipita haraka. Nairobi na Dar es Salaam haziko katika kimo kimoja. Uwanja wetu uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 5,330, na wenu uko mita 55 tu. Ndege inayotoka kwetu ikielekea futi 35,000 imekwisha kupunguziwa zaidi ya futi elfu tano za kupanda kabla hata ya kuwasha injini. Inayotoka kwenu hupanda ngazi yote tangu chini, lakini inapofika kwetu inakuta ardhi imeinuka kuilaki.

Ila kimo hicho si zawadi tupu. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana jua linapokuwa kali hewa hiyo huzidi kuwa nyepesi, hivyo mabawa hupata mshiko mdogo na injini hupata nguvu pungufu. Ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na hii ndiyo sababu moja ya njia yetu ya kurukia kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita nne. Kwa safari fupi kama ya Dar es Salaam, ambayo haihitaji mafuta mengi, ndege huwa si nzito na jambo hilo halimsumbui abiria. Zinazotaabika ni zile zinazojaza mafuta ya kuvuka mabara.

Kinachoweza kukusumbua ni ukungu. Yapo mapambazuko ambapo ukungu huulalia uwanja, na ndege zinazokuja huzungushwa angani au kupelekwa Mombasa kungoja upungue. Niliwahi kuondoka Dar es Salaam alfajiri kwa matumaini ya kuwahi mkutano wa saa tatu, nikaupata mkutano huo kwa simu nikiwa Mombasa.

MLETA UZI

Ahsante sana, ndugu yangu. Hilo la kimo nililisahau kabisa. Nami niongeze jambo moja dogo linaloendana na lako. Katika anga, ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa vimo vya namba witiri, na zinazoelekea magharibi hupewa vya namba shufwa, ili zisikutane uso kwa uso. Mwelekeo wa Nairobi kwenda Dar es Salaam ni nyuzi 158 za dira, ambazo bado zinahesabiwa upande wa mashariki, kwa hiyo ndege hiyo huenda futi 31,000, 33,000 au 35,000. Inayorudi hupewa 32,000, 34,000 au 36,000. Ukiwasikia marubani wawili wa njia hii wakitangaza vimo tofauti, si kwamba mmoja amependelea.

MCHANGIAJI, MWANZA

Mkuu, umezungumzia jeti peke yake. Vipi sisi tuliozoea pangaboi, yaani ndege za panga? Ndege ya namna hiyo ikipangwa njia hii, zile dakika 85 zinatosha?

MLETA UZI

Ndugu, swali zuri, na neno lako ndilo linalotumika mitaani, ingawa wahandisi wangependa tukumbuke kwamba ndani ya injini ile mna jeti inayolizungusha panga. Tofauti iko katika mwendo. ATR 72, ya aina wanayotumia Precision Air, huenda karibu kilomita 500 kwa saa, na kwa umbali wa 665 hiyo ni dakika 80 angani kabla ya kuhesabu kupanda, kushuka na kutembea ardhini. Hapo ratiba yake lazima ikaribie dakika 110. Dash 8 Q400 ni nyepesi wa miguu zaidi, kwani hukaribia kilomita 660 kwa saa, na kwa njia fupi kama hii inaachwa na jeti kwa kitu kama dakika 15. Nilivyoonyesha juu, jeti hapa inautumia mwendo wake kamili kwa dakika 20 tu, kwa hiyo faida yake kwetu ni ndogo kuliko inavyosemwa barazani.

Lakini pangaboi huruka chini zaidi, na anayekaa dirishani katika siku yenye anga safi huiona Pare na Usambara kama mtu anayetazama ua la jirani. Mimi kwa macho ningeichagua hiyo.

MZEE, MOSHI

Wanangu, nimesoma na kutabasamu. Mnabishana juu ya dakika tano, sisi tumeona miaka ambayo umbali huu ulipimwa kwa mambo mengine kabisa. Nilipokuwa kijana, ndege zilikuwa za East African Airways, shirika moja la nchi zote tatu, lililoanza mwaka 1946. Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja. Nilipanda Fokker kutoka Dar kwenda Nairobi kwa shughuli za ushirika wa kahawa, na hakuna aliyeniona kama mgeni.

Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, na shirika likavunjika nalo. Wakenya wakaunda Kenya Airways, nasi tukaunda Air Tanzania. Februari mwaka huohuo mpaka wetu ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mimi ninakaa Moshi, ninaliona anga la Kenya nikiwa uani, na kwa miaka sita na zaidi Taveta, iliyo jirani kuliko Arusha, ikawa mbali kuliko Mtwara. Kilomita zilikuwa zilezile 665, mwanangu. Andika na hilo katika hesabu yako.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu. Nimelipokea, na naliandika. Na si la enzi zenu peke yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi zetu zilivutana juu ya masharti ya wasafiri, na tangu Agosti mosi ndege za Kenya Airways zikazuiwa kuingia Tanzania hadi Septemba. Tena Januari 2024 mamlaka ya Tanzania ilitangaza kwamba kibali cha Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kingesitishwa kuanzia tarehe 22, kwa sababu Kenya ilikuwa imeikatalia Air Tanzania kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Safari hiyo viongozi walizungumza na jambo likaisha kabla tarehe haijafika. Lakini nakumbuka jirani yangu aliyekuwa na tiketi ya tarehe 23: alilala siku mbili akipiga hesabu ya basi la Namanga.

MZEE, MOSHI

Marahaba, mwanangu. Mwambie jirani hata basi si baya, ukipita kwangu utapata kahawa.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Naomba nirudi kwenye muda wa mlango hadi mlango, maana hapo ndipo watu hukosea kupanga siku. Kwangu, kutoka Kileleshwa hadi uwanjani kulikuwa kitendawili, na tangu barabara ya juu ilipofunguliwa mwaka 2022 anayekubali kulipa ushuru wake anaweza kuukadiria muda bila kuapa. Huko kwenu nasikia Barabara ya Nyerere bado ina tabia zake.

MLETA UZI

Una haki kuuliza. Uwanja wa Julius Nyerere uko kilomita 12 tu kutoka katikati ya jiji, na daraja la juu la pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, limesaidia, lakini anayetoka Mbezi au Tegeta jioni ya siku ya mvua asiziamini kilomita hizo. Nitoe mfano wangu wa mwisho, safari ya kwenda Nairobi kwa ndege ya saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Niliamka saa nane na nusu za usiku, nikatoka nyumbani Kimara saa tisa na robo, nikafika jengo la tatu la abiria saa kumi. Nikasimama mistari ya ukaguzi, kaunta ya tiketi, uhamiaji, ukaguzi wa pili, kisha nikaketi. Ndege ikasogea kwa wakati, ikatumia dakika 80, nikafika Nairobi saa mbili na robo. Uhamiaji, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kukaguliwa, sanduku, teksi, na saa nne kasorobo nikawa ninagonga mlango wa mwenyeji wangu. Jumla ni saa sita na nusu, yaani dakika 390, na katika hizo ndege ilinibeba 80 pekee. Hapo kidogo nashindwa kumcheka anayesema afadhali alale kwenye basi.

Jambo jingine kwa wanaosafiri mara ya kwanza: saa za nchi zote mbili ni zilezile, hakuna kurudisha wala kusogeza mshale. Hatari iko kwenye tiketi. Imeandikwa 06:55, na kwa hesabu yetu hiyo ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi, si saa sita. Anayeisoma kwa Kiswahili bila kuongeza sita atafika mchana na mabegi yake yote. Nina ndugu aliyefanya kosa hilohilo ila likamwahisha, akaisoma 12:10 kama saa kumi na mbili na dakika kumi za alfajiri, akakaa uwanjani kwa muda wa saa sita. Nasema huyo alikosea vizuri.

MCHANGIAJI, KOROGWE

Ndugu mleta uzi, nimesoma pale uliposema mstari unapita juu ya Korogwe, nikaenda kumwita mke wangu asome. Sisi kila siku tunaziona, hasa jioni, mstari mweupe ukitoka upande wa Lushoto na kuelekea pwani. Lakini kuna jambo nimeliona miaka mingi na sikuwahi kupata wa kumuuliza. Usiku ulio kimya, ngurumo ya ndege hiyo huja ikivuma sawasawa, halafu inapokuwa hapa juu yetu au imetupita kidogo inapungua ghafla, kama mtu aliyepunguza moto wa jiko. Je, ni mlima unaizuia sauti?

MLETA UZI

Ndugu yangu, umenifanya nirudi kwenye karatasi. Kutoka Nairobi hadi Korogwe kwa mstari ule ni takriban kilomita 458, na kutoka Korogwe hadi uwanja wa Dar es Salaam ni 207. Sasa kumbuka ile kanuni ya futi 1,000 kwa maili tatu: ndege iliyo futi 35,000 inatakiwa ianze kushuka ikiwa imebakiza kilomita 195. Kwa hesabu hiyo rubani anazipunguza injini akiwa amewapita ninyi kwa kilomita 12, ambazo kwa mwendo ule ni chini ya dakika moja. Na kwa kuwa sauti huchelewa karibu nusu dakika kushuka kutoka kimo kile, mlio unapokufikia ndege imekwisha kusogea. Sidhani ni mlima. Nadhani miaka yote hii umekuwa ukimsikia rubani akianza kushuka.

Nina ombi. Ukipata nafasi, hesabu tangu unapoona inapita juu yako hadi inapotua. Mimi kwa karatasi ninapata kama dakika 23, nikichukua kwamba inapunguza mwendo kadiri inavyoshuka.

MCHANGIAJI, KOROGWE

Nimefanya. Shemeji yangu anafanya kazi Vingunguti, anaziona zikitua, tukapigiana simu. Imepita juu yetu jana jioni, yenyewe iking'aa jua ambalo sisi huku chini lilikuwa limekwisha kutuacha, na amenipigia ilipogusa ardhi: dakika 28. Umekosea kwa tano.

MLETA UZI

Ahsante, na nakubali kosa, lakini nadhani ninajua zilikokwenda. Tuko Januari, kaskazi inavuma. Njia kubwa ya kurukia ya hapa imelala kati ya kaskazini mashariki na kusini magharibi, na ndege hutua ikiikabili pepo. Wakati wa kaskazi inayotoka Nairobi haiwezi kushuka moja kwa moja kutoka baharini; inabidi ilipite jiji, izunguke upande wa Pugu, ndipo irudi kutua ikiwa imeelekeza pua kaskazini mashariki. Hiyo ndiyo tano yako. Tafadhali, ikifika Julai, kusi ikiwa imeshika, mpigie tena shemeji.